Dodoso la Sonona Vyuoni: Je, Alama Zake Zaaminika?

Mwanafunzi wa chuo asiyepata usingizi, aliyepoteza hamu ya chakula na anayeshinda amechoka, huenda ana sonona. Huenda pia ni majira ya mitihani. Ndiyo maana dodoso lililojaribiwa kwa wagonjwa wa kliniki halina budi kupimwa upya kabla ya kutumiwa vyuoni.

Dodoso la PHQ-9, lililochapishwa Marekani mwaka 2001, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3; jumla ya 10 au zaidi huashiria haja ya uchunguzi.

Watafiti hupima mambo mawili. La kwanza ni uthabiti: je, mtu ambaye hali yake haijabadilika hupata alama zilezile akijibu tena? La pili ni usahihi: je, alama huafikiana na mahojiano ya kitabibu? Mizani mbovu yaweza kurudia uzito uleule wa uongo kila siku, hivyo uthabiti pekee hautoshi. Nchini Nigeria, utafiti wa mwaka 2006 uliwapima wanafunzi 512 wa chuo kikuu kwa njia zote mbili, na dodoso likafaulu.

Hata hivyo, alama si utambuzi wa ugonjwa. Jumla ikiwa ndogo, mhudumu asifunge faili kabla ya kusoma swali la 9, lihusulo mawazo ya kufa au kujidhuru: jibu lolote lililozidi sifuri lahitaji mazungumzo siku hiyohiyo. Mwanafunzi naye ajibu kwa ukweli. Alama kubwa si aibu wala hukumu, bali ni mwanzo wa kusaidiwa.