Tiba Shufaa: Mgonjwa Asiyepona Hajaachwa

Familia nyingi huambiwa hospitalini: “Mrudisheni mgonjwa nyumbani.” Maneno hayo husikika kana kwamba hakuna tena la kufanya. Lakini mgonjwa asiyeweza kuponywa bado anaweza kuhudumiwa. Ndiyo kazi ya tiba shufaa: kutuliza maumivu, kumfariji mgonjwa kiroho na kuwategemeza wanaomuuguza. Huduma hii haingojei siku za mwisho. Huanza mapema, sambamba na matibabu mengine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, lakini ni asilimia 14 tu wanaoipata. Ndiyo maana mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyahimiza mataifa yote kuiingiza katika mifumo yao ya afya.

Je, nchi zenye kipato kidogo zinaweza? Uganda inatupatia jibu. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huko Kampala taasisi ya Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji, dawa nafuu ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani. Hata hivyo, dawa haimfikii mwanakijiji iwapo anayeruhusiwa kuiandika ni daktari peke yake, naye yuko mbali. Kwa hiyo, mwaka 2004 sheria iliwaruhusu pia wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Serikali nayo ikakubali kuitoa bila malipo. Dawa, sheria na mafunzo vilikwenda pamoja.

Wapo wanaoikataa mofini wakidhani ni kuharakisha kifo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, inatuondolea hofu hiyo: ni halali kutuliza maumivu hata kama kuna hatari ya kufupisha maisha, mradi kifo hakikusudiwi, si kama lengo wala kama njia. Kanisa linakataa kifo laini, nalo linahimiza tiba shufaa kama tendo la upendo.

Basi, tuwaombe viongozi wetu waifikishe huduma hii hadi kwenye zahanati. Nasi katika Jumuiya Ndogo Ndogo tuwatembelee wagonjwa, tuwapokee kwa zamu wanaowauguza ili wapumzike, na tumwite padre mapema kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa. Anayeteseka asibaki peke yake na maumivu yanayoweza kutulizwa.