Maji ya rangi: Tangi la bei nafuu humaliza nusu ya kazi

Wenye viwanda vya nguo wanaotafuta njia nafuu ya kusafisha majitaka ya rangi wana sababu ya kutazama bakteria wanaoishi pasipo hewa. Lakini wasipopiga hesabu yote, wanaweza kulipa mara mbili.

Hasara ya kutosafisha maji ilionekana Tiruppur, mji wa kusini mwa India unaouza fulana nchi za nje. Januari 2011, Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vyote vya kutia rangi na kupausha vitambaa mjini humo, zaidi ya 700, vifungwe kwa kuchafua mto Noyyal. Wafumaji na washonaji wakabaki bila mahali pa karibu pa kutilia rangi.

Zaidi ya nusu ya rangi zinazotumika viwandani ni za jamii ya azo. Zimetengenezwa zisichujuke kwa sabuni wala jua, na kwa sababu hiyo mabwawa ya kawaida yanayopulizwa hewa huzishinda kwa shida. Rangi nyingi huishia kunata kwenye tope tu.

Mahali pasipo na oksijeni mambo hubadilika. Bakteria hula uchafu uliomo majini, mathalani wanga unaopakwa nyuzi ili zisikatike kwenye mtambo wa kufumia, na katika kazi hiyo hukata kiungo cha naitrojeni kinachoipa azo rangi yake. Maji hupoteza rangi.

Kibiashara, faida ni tatu: hakuna umeme wa kupuliza hewa, tope la kutupa ni dogo, na gesi ya methani inayotoka inaweza kuchomwa kama nishati. Matangi ya aina hii, ambamo maji hupanda kupitia tabaka la tope lenye bakteria, yalibuniwa Uholanzi miaka ya 1970 na Gatze Lettinga na wenzake.

Hata hivyo, maji meupe si lazima yawe maji salama. Azo ikikatika huacha kemikali ziitwazo amini, na baadhi yake, kama benzidini, husababisha saratani. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku, kwa nguo zinazogusa ngozi, rangi za azo zinazoweza kutoa amini hatari zilizoorodheshwa. Amini nyingi haziozi vizuri pasipo hewa, hivyo tangi la pili, lenye hewa, halikwepeki.

Inabaki chumvi, ambayo hutumika kwa wingi kushikisha rangi kwenye pamba. Bakteria hawaiondoi. Viwanda vya Tiruppur vilivyoruhusiwa kufunguliwa tena vilitakiwa kutomwaga kabisa majitaka, jambo linalodai mitambo ya kuchuja chumvi na kukausha mabaki, yenye kula umeme mwingi.

Mnunuzi anayeoneshwa chupa ya maji meupe na muuza mitambo aulize basi: amini zimekwenda wapi, na chumvi itatolewa na nani? Bei isiyojibu maswali hayo ni ya nusu ya mtambo.