Kampuni Ndogo na Nyumba za Kupangisha: Fedha za Matengenezo Zitangulie Faida

Katika miji ya Kenya, toka Mombasa hata Kisumu, na katika vituo vya biashara vya mashambani pia, watu wengi wenye mapato ya kadiri huweka akiba yao katika nyumba za kupangisha. Mwalimu, karani, mwenye duka na mkulima wa chai hutafuta kiwanja kidogo, wakajenga vyumba kumi mfululizo, ili kodi ya kila mwezi iwe msaada wa karo za watoto na wa siku za uzee. Kwa kuwa bei ya kiwanja mara nyingi hupita uwezo wa mtu mmoja, ndugu na rafiki huchanga fedha zao pamoja. Jambo hilo ni jema. Lakini michango mingi iliyoanza kwa furaha imekwisha kwa ugomvi, na chanzo chake si wizi kila mara. Pengine ni bati lililotoboka, ambalo hakuna aliyejua ni nani wa kulilipia.

Yafaa basi kila mwenye nia ya kazi hii afahamu mambo mawili: jinsi kampuni inavyowalinda wenye mali, na jinsi ulinzi huo unavyoweza kuwaponyoka wasipotenga fedha za matengenezo.

KAMPUNI NI MTU MBALI

Watu watano wakichanga fedha, wakafanya biashara pamoja na kugawana faida bila kuandikisha kampuni, sheria yaweza kuwahesabu kuwa wabia. Mbia hudaiwa deni lote la biashara, wala si fungu lake tu. Wanne wakikosa uwezo wa kulipa, mdai aweza kumwandama wa tano mpaka kwenye shamba lake la urithi.

Kampuni ikiandikishwa, mambo huwa mengine. Mbele ya sheria kampuni ni mtu mbali na wale walioianzisha. Yeye mwenyewe humiliki kiwanja, hudai na hudaiwa. Jambo hili lilithibitishwa Uingereza katika miaka ya 1890, katika kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, aliyeigeuza kazi yake kuwa kampuni huku yeye mwenyewe akishika hisa karibu zote. Kampuni ilipofilisika, wadai walitaka alipe kwa mali yake. Majaji wakuu walikataa, wakasema kwamba kampuni ni kitu kimoja na Salomon ni kitu kingine. Kanuni hiyo hufuatwa Kenya pia. Mwenye hisa katika kampuni yenye dhima ya mpaka hapotezi zaidi ya thamani ya hisa alizoahidi kulipia.

NAMNA YA KUANDIKISHA

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 ilirahisisha kazi hii. Zamani kampuni ya binafsi ilihitaji watu wawili au zaidi. Chini ya sheria hiyo hata mtu mmoja aweza kuianzisha peke yake. Kampuni ya binafsi haiwezi kuwa na wanachama zaidi ya 50, bila kuhesabu watumishi wake, wala haina ruhusa ya kuwaalika watu wote wanunue hisa zake. Maombi hupelekwa kwa Msajili wa Makampuni kwa njia ya mtandao wa eCitizen. Huandikwa jina la kampuni, mahali pa ofisi yake, majina ya wakurugenzi, hesabu ya hisa na wenye hisa, pamoja na watu wenye kufaidika nayo kwa kweli. Msajili akiridhika hutoa cheti, na tangu siku hiyo kampuni imezaliwa. Kampuni ambayo hisa zake zilizolipiwa hazifiki shilingi milioni 5 hailazimishwi na sheria hiyo kuwa na katibu.

Kuzaliwa si mwisho wa kazi. Kila mwaka kampuni hupaswa kupeleka taarifa yake kwa Msajili. Kampuni iliyonyamaza miaka mingi yaweza kufutwa katika daftari, na mali iliyobaki kwa jina lake ikaangukia mikononi mwa Serikali. Watu wamejenga kwa jasho, kisha wakaanza kuhangaika kuirudisha mali yao kwa sababu ya karatasi ambayo haikupelekwa.

Tena hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la kampuni, wala si kwa jina la mwenyekiti. Katika miaka ya 1960 na 1970 wananchi wengi walijiunga na makampuni ya kununua mashamba, hasa katika Bonde la Ufa. Wengine walipata ardhi; wengine walizeeka na stakabadhi mkononi bila kuona hati. Stakabadhi ya mchango si hisa. Mchangaji na ahakikishe kwamba jina lake limeandikwa katika daftari la wenye hisa. Na ikiwa kampuni inamiliki ardhi ya kilimo, akumbuke kwamba chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 hata kuuza hisa za kampuni hiyo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi.

MAHALI ULINZI UNAPOKOMA

Ngao ya kampuni ina mipaka yake. Kwanza, benki haikopeshi kampuni changa kwa kutazama cheti tu. Mara nyingi huwataka wakurugenzi waweke dhamana yao wenyewe. Aliyetia sahihi dhamana hiyo ameiweka ngao chini kwa hiari yake. Pili, mkurugenzi anayechukua kodi ya nyumba kwa simu yake mwenyewe na kulipia karo ya mwanawe kabla ya kuandika hesabu, anachanganya mifuko miwili, naye aweza kudaiwa kurudisha fedha za kampuni. Kampuni iwe na akaunti yake, na kila shilingi ipite humo.

Tatu, kampuni haimfichi mtu kwa kosa la jinai. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la vyumba vya kupanga lilianguka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na watu wapatao hamsini wakafa. Lilikuwa limejengwa karibu na mto, na wenye mamlaka walieleza kwamba halikuwa na ruhusa ya kukaliwa na watu. Wenye jengo walikamatwa. Roho za wapangaji haziwezi kufichwa nyuma ya cheti cha usajili.

WAJIBU WA MATENGENEZO

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yaeleza wajibu huu. Mwenye nyumba anayempangisha mtu nyumba au chumba cha kukaa huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba mahali hapo panafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kwamba patadumu katika hali hiyo. Anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji machafu na njia zinazotumiwa na wote ni juu yake. Mpangaji naye hutunza chumba chake, na humruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua kwa saa za kufaa baada ya kupewa taarifa.

Uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyofifia kwa jua, si kosa la mpangaji. Kioo alichovunja ni chake kulipa. Ili pasiwe na mabishano, hali ya chumba iandikwe na kupigwa picha mpangaji anapoingia, na pande zote mbili zitie sahihi. Fedha ya amana aliyoiweka si faida ya kampuni. Ni deni, nayo ihifadhiwe mbali.

Ukaguzi mzuri hufanywa mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Februari kabla ya mvua za masika, na mwezi wa Septemba kabla ya mvua za vuli. Mkaguzi atazame misumari ya mabati iliyolegea, kutu mahali mabati yanapopandana, majani yaliyoziba mifereji ya paa, unyevu chini ya kuta, mabomba yanayovuja na shimo la maji taka. Akiona ufa ukutani, na aupake kipande chembamba cha saruji juu yake na kuandika tarehe. Kipande kikipasuka baada ya majuma machache, ukuta ungali unakwenda, na hapo aitwe mhandisi, si mpiga lipu. Nyaya za umeme ziguswe na fundi mwenye leseni tu.

Fundi apewe mapatano ya maandishi yenye kutaja kazi, vifaa, bei na siku ya kumaliza. Alipwe kwa hatua, kwa kadiri ya kazi iliyokwisha, na sehemu ya mwisho izuiliwe mpaka mvua ya kwanza ionyeshe kama paa limeshika. Stakabadhi zote ziandikwe kwa jina la kampuni.

HESABU YA VYUMBA KUMI

Tuseme kampuni ya watu watano ina vyumba kumi, na kila chumba hulipiwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Wengi wangegawa fedha hizo mara moja kwa watu watano, kila mmoja akaenda na shilingi 12,000 zake. Mwaka wa tatu paa linavuja, na ukarabati wake wataka shilingi 200,000. Mmoja ana mgonjwa hospitalini, mwingine amekwisha kutumia, wa tatu asema yeye haishi karibu na nyumba. Wapangaji wanahama, vyumba vinabaki vitupu, na ndugu hawasemezani.

Lakini kama kampuni ingaliweka asilimia 10 kando kila mwezi, yaani shilingi 6,000, baada ya miaka mitatu ingalikuwa na shilingi 216,000. Paa lingaliezekwa bila mtu kuombwa hata senti. Kwa hiyo jambo hili liandikwe katika kanuni za kampuni tangu mwanzo: fungu gani la kodi litatengwa, ni sahihi za watu wangapi zitakazotoa fedha hizo, ni kiasi gani ambacho msimamizi aweza kutumia kwa dharura bila mkutano, na hisa za aliyefariki au anayetaka kutoka zitauzwaje.

KODI YA MAPATO

Kodi ya mapato ya nyumba za kukaa ilianzishwa kwa utaratibu wake wa pekee mwezi wa Januari 2016, kwa kiwango cha asilimia 10, na tangu Januari 2024 kiwango kikapunguzwa kuwa asilimia 7.5. Huwahusu wakazi wa Kenya, watu na makampuni, ambao mapato yao ya kodi za nyumba kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 288,000 na hayazidi milioni 15. Hulipwa kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kampuni yetu ya vyumba kumi ingelipa shilingi 4,500 kwa mwezi, au 54,000 kwa mwaka.

Hapa pana jambo linalowakosesha wengi. Kodi hii hutozwa juu ya mapato yote, na gharama za matengenezo hazipunguzwi. Anayetaka zipunguzwe hana budi kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba amechagua utaratibu wa kawaida wa kila mwaka, ambao kampuni hulipa asilimia 30 ya faida. Je, upi ni bora? Kwa mapato ya shilingi 720,000, njia hizo mbili hulingana gharama zinapofika 540,000: faida hubaki 180,000, na asilimia 30 yake ni 54,000. Basi utaratibu wa kawaida huwa na nafuu pale tu ambapo riba ya mkopo, matengenezo na gharama nyingine zinazokubaliwa zimepita robo tatu ya mapato, tena ziwe na ankara za kielektroniki zinazotakiwa na Mamlaka ya Ushuru. Isitoshe, kuziba paa ni matengenezo, lakini kuongeza orofa ni kujenga mali mpya, wala gharama yake haihesabiwi kama ya matengenezo. Na faida ikigawiwa wenye hisa wakazi, fungu lao hukatwa kodi ya asilimia 5.

Anayemiliki nyumba tayari na kutaka kuihamisha iwe ya kampuni na aulize wakili kwanza. Ushuru wa stempu kwa uhamisho wa mali ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, na pengine gharama hiyo yazidi faida anayoitafuta.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni huwalinda wenye hisa na madeni, bali haiwalindi na mvua. Katika mkutano wa kwanza kabisa, kabla ya kuulizana kila mmoja atapata nini mwisho wa mwezi, wanachama na waulizane nyumba yenyewe itapata nini. Wakikubaliana hilo, liandikwe na kutiwa sahihi siku hiyo hiyo.