Je, Wajua? Nguo Zenye Majina ya Wanawake

Je, wajua kwamba mifarishi ya urafiki ya Marekani ilisubiri wino kwanza? Mfarishi ni lile blanketi la viraka lenye pamba katikati. Wino wa zamani ulikuwa na chuma, na baada ya miaka uliitafuna nguo mpaka penye herufi pakabaki matundu. Kufikia miaka ya 1840 wino usiofutika na usioharibu kitambaa ulikuwa ukiuzwa madukani, na mtindo ukashika. Kila rafiki alishona kipande chake, akakitia sahihi, pengine na tarehe au maneno machache ya heri, kisha vyote vikaungwa pamoja. Wengi waliopewa walikuwa wanawake wanaohamia magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, ambao huenda wasingewaona tena mama zao wala jirani zao. Msomaji aliyezoea kanga hatashangaa kusikia kwamba nguo inasema. Ila kanga humsitiri msemaji, mfarishi humtaja.

Viraka vya mfarishi wa kawaida mwanamke aliweza kuviunga peke yake, jioni baada ya jioni. Kazi ya kuita watu ilikuwa kushona tabaka tatu zishikane: viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini. Nguo iliwambwa kwenye fremu ya mbao, wanawake wakakaa pande zote, na sindano na maneno vikaenda sambamba. Jioni wanaume walikuja kula, na mara nyingi ngoma ikafuata.

Je, wajua kwamba majina yalichangisha fedha pia? Makanisani, aliyetaka jina lake lidariziwe alilipa, mara nyingi senti 10, na mfarishi ulipokamilika ukauzwa au ukapigwa mnada.

Lakini hakuna mifarishi iliyobeba majina mazito kama ile ya gereza la Changi. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942, raia wanawake na watoto walifungwa humo, wakitengwa na wanaume, na barua hazikuruhusiwa. Ethel Mulvany, mfungwa kutoka Kanada, akaja na shauri: kila mwanamke apewe kipande cheupe cha kitambaa, atie jina lake na chochote kinachomhusu. Ikatoka mifarishi mitatu, kila mmoja wa vipande 66, ikiombewa ruhusa kuwa ni zawadi kwa majeruhi hospitalini. Mmoja ulitengwa kwa ajili ya askari wa Kijapani wenyewe, na huo ndio uliokuwa ujanja, maana mlinzi angekataaje? Kwa njia hiyo mume aliyeuona mfarishi angeweza kujua kwamba mkewe yu hai. Miwili kati yake imehifadhiwa Canberra, mmoja London.

Kinyume chake ni mfarishi wa meli ya Rajah. Mwaka 1841 wanawake wafungwa wapatao 180 walisafirishwa kutoka Uingereza hadi Hobart, Australia, na njiani wakashona mfarishi wa vipande 2,815 kwa vitambaa vya kamati ya Elizabeth Fry, Mwingereza aliyewatetea wafungwa. Maandishi yaliyodariziwa juu yake yanawashukuru mabibi wa kamati. Washonaji hawakutajwa hata mmoja. Ulipotea zaidi ya karne moja, ukapatikana Scotland katika miaka ya 1980, na leo uko kwenye jumba la sanaa la taifa la Australia.

Na ile hadithi kwamba mifarishi ilikuwa ramani za siri za watumwa waliotoroka Marekani? Ni tamu, ila wanahistoria wengi wanaikataa kwa kukosa ushahidi.

Je, wajua, mwisho, kwamba Wasiddi wa Karnataka, India, ambao wengi wao asili yao ni Afrika Mashariki na Msumbiji, nao wana mifarishi yao? Huiita kawandi. Wanawake huishona kwa nguo kuukuu, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na kwenye pembe huweka viraka vidogo viitwavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na phula, kwao, haijakamilika.