Maniema: Nyangwe, kitabu cha muuguzi kiko ndani ya simu. Lakini ni cha mwaka gani?

Tuseme ni saa nane za usiku, kwenye kituo cha afya kando ya Lualaba. Mama analeta mtoto wa kilo 12. Mtoto ana homa kali, ameshikwa na degedege njiani, hawezi kunyonya wala kunywa. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Kumpeleka hospitali kuu ya rufaa ya Kasongo usiku huo kunahitaji pikipiki, mafuta na barabara inayopitika. Muuguzi anafungua kabati, anakuta artesunate ya sindano. Dawa ipo. Kinachobaki ni kujua atie miligramu ngapi.

Akitazama karatasi ya zamani iliyobandikwa ukutani, atasoma miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 12 hiyo ni miligramu 28.8. Lakini tangu 2015 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilibadilisha hesabu hiyo kwa watoto walio chini ya kilo 20: wapewe miligramu 3 kwa kila kilo, kwa sababu ilionekana kwamba dozi ya zamani inaacha dawa kidogo mno katika damu ya watoto wadogo. Mtoto wetu anatakiwa kupata miligramu 36. Aliyefuata karatasi ya ukutani ametoa pungufu ya miligramu 7.2, tena si kwa uzembe. Alifuata alichofundishwa.

Ndiyo maana habari ya programu za simu kwa wauguzi na madaktari ni habari kubwa kwa watu wa Nyangwe, Samba, Kabambare au Salamabila, hata kama inaonekana kuwa jambo la watu wa Kinshasa na Ulaya. Kitabu kilichochapwa kwenye karatasi kinapita Kindu, kinapita Kasongo, kinapambana na mvua na mchwa, na siku kinapofika kimekwisha kuzeeka. Simu inabebwa mfukoni. Ikiwa na kitabu kizuri ndani yake, na kitabu hicho kinafunguka pasipo mtandao, muuguzi aliye peke yake usiku ana mtu wa kumuuliza.

Vitabu vya namna hiyo vipo, na vingine ni vya bure. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, limeweka miongozo yake ya matibabu katika programu moja ya simu. Ndani yake mna mwongozo wa magonjwa ya kila siku, kitabu cha dawa za lazima, na kitabu cha uzazi na watoto wachanga, kwa Kifaransa na kwa lugha nyingine. Ukikwisha kuipakua, inafunguka hata pale ambapo simu haioni mnara wowote. Dozi mpya ya artesunate kwa watoto imo. Kwa wakunga kuna Safe Delivery App ya Maternity Foundation, shirika la Denmark, inayoonyesha kwa video za kuchora namna ya kushughulikia mama anayetoka damu baada ya kuzaa au mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Nayo haihitaji mtandao baada ya kupakuliwa.

Madaktari wengi wanapenda Vidal ya Ufaransa au Medscape ya Marekani. Ni vyombo vizuri, ila viliandikwa kwa ajili ya maduka ya dawa ya Paris na New York. Ukitafuta ndani yake jina la kibiashara lililo juu ya sanduku la vidonge lililonunuliwa soko la Kasongo, mara nyingi hulioni, maana dawa nyingi tunazotumia zinatengenezwa India na zina majina yake. Anayevitumia atafute jina la dawa yenyewe, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Mpate paracetamol, mwacheni mwenye kiwanda.

Jambo hili halikuanza na simu za kisasa. Jirani yetu Uganda ilianza 2003, wakati simu ya kugusa kioo ilikuwa bado haijaenea. Shirika la SATELLIFE la Marekani, pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere na shirika la Uganda Chartered HealthNet, kwa fedha za kituo cha utafiti cha Kanada, IDRC, waliwapa wafanyakazi wa afya kompyuta ndogo za mkononi aina ya Palm. Wilaya kama Rakai na Rukungiri zilikuwa kati ya zile za kwanza. Muuguzi aliandika ripoti yake ndani ya kompyuta hiyo, kisha akaielekeza kwenye kisanduku kilichowekwa kituoni. Kisanduku kilipokea ripoti kwa mwali wa infraredi, kikaipeleka Kampala kwa mtandao wa simu za mkononi. Na papo hapo kikamrudishia muuguzi kurasa mpya za kusoma: miongozo ya matibabu, habari za dawa, habari za magonjwa.

Hapo ndipo Waganda walipopiga hatua ambayo sisi bado tunaitafuta. Aliyeleta ripoti aliondoka na elimu. Kwetu wauguzi wanajaza takwimu kila mwezi, magonjwa, vifo, chanjo, uzazi, na karatasi zinapanda ngazi hadi Kinshasa. Je, ni nini kinachoteremka?

Tanzania imekwenda mbali zaidi, na matokeo yake yanafaa kusomwa na kila mkuu wa zoni ya afya. Katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, watafiti walichagua vituo 40. Nusu viliendelea kama kawaida. Nusu vilipewa tableti yenye programu inayoitwa ePOCT+, ambayo inamwongoza mhudumu hatua kwa hatua mbele ya mtoto mgonjwa: uliza hili, pima lile, kama jibu ni ndiyo fanya hivi. Wauguzi wetu wanaijua namna hiyo ya kazi, ndiyo ordinogramu za PCIME walizosoma shuleni. Tofauti ni kwamba tableti haikubali uruke swali.

Katika vituo vya kawaida, watoto 70 katika kila 100 walitoka na antibiotiki. Katika vituo vyenye tableti, walikuwa 23. Na watoto ambao hawakupona vizuri baada ya siku saba walikuwa karibu sawa pande zote mbili, chini kidogo ya 4 katika kila 100. Maana yake, sehemu kubwa ya antibiotiki zile hazikuwa na faida kwa mtoto. Kwa mzazi wa Kabambare anayelipa dawa kutoka mfukoni, hesabu hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Lakini tusiuze tableti kama dawa ya miujiza. Vituo vile vya Tanzania vilipewa pia kifaa cha kupima oksijeni kwenye kidole na vipimo vya haraka vya damu, na wahudumu walifuatiliwa na kushauriwa. Mwenye fedha akileta tableti peke yake, akapiga picha na kuondoka, asitegemee matokeo ya Mbeya.

Turudi kwenye simu ya kawaida, ile ambayo muuguzi amejinunulia mwenyewe, anayoichaji kwa paneli ya jua ya jirani, na ambayo mega zake analipa yeye. Huko ndiko hatari iliko. Programu na vitabu vya PDF vinapita simu hadi simu, kwa Bluetooth, kwa kadi ya kumbukumbu, kwa vikundi vya WhatsApp. Ni jambo jema, bila hilo wengi wasingekuwa na chochote. Tatizo ni kwamba kitabu kilichopita mikono kumi hakikumbuki umri wake. PDF ya 2012 na ya mwaka huu zina jalada linalofanana, na ile ya 2012 bado ina dozi ya zamani ya artesunate. Programu iliyopokelewa kwa rafiki na ambayo haijaunganishwa na intaneti kwa miaka mitatu ni sawa na ile karatasi ya ukutani, isipokuwa inang'aa.

Mpox imetuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda mbio. Maniema inaujua ugonjwa huo tangu zamani. Kisha 2023, kule Kamituga katika Kivu ya Kusini, jimbo linalopakana na Kabambare, ikaonekana aina mpya ya kirusi ambayo inaenea sana kati ya mtu na mtu. Mwongozo uliofaa mwaka mmoja kabla ulibidi kuandikwa upya. Muuguzi aliyebaki na ule wa kwanza angeendelea kuuliza mgonjwa kama amegusa mnyama wa porini, na kusahau kuuliza habari za mke, mume au mwenzi.

Kuna jambo la pili: kitabu kinaweza kuwa kipya na bado kisiendane na utaratibu wa nchi. Kwa malaria, anayeamua dawa gani inatolewa kwanza katika vituo vyetu ni mpango wa taifa wa kupambana na malaria, PNLP, na ndiyo dawa zinazoletwa na zoni. Programu ya nje inaweza kumshauri muuguzi dawa ambayo haipo kabisa kwenye kabati lake. Atafanya nini? Ama atamwandikia mzazi karatasi ya kwenda kununua sokoni, dawa isiyojulikana ilikotoka, ama atafunga simu. Miongozo ya taifa yenyewe ingepaswa kuwa ya kwanza ndani ya kila simu, na hizo nyingine zije nyuma yake.

Siku hizi kuna pia wanaouliza programu za akili bandia. Zinajibu haraka, kwa Kifaransa kizuri, hata kwa Kiswahili. Ila mara nyingi jibu lake halina ukurasa wala mwaka, na mtu wa kulitetea hayupo. Kwa kuelewa ugonjwa, sawa. Kwa dozi ya mtoto, hapana.

Kasongo ina sababu yake ya kudai zaidi. Mwaka 1971 taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianzisha hapa kazi iliyojulikana ulimwenguni kama Mradi wa Kasongo: vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi, vikishikamana na hospitali moja ya rufaa. Mfumo wa zoni za afya ambao nchi nzima inautumia leo ulipata mafunzo mengi hapa. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Watoto wetu waliingia katika vitabu vya dunia. Lakini muuguzi wa Nyangwe akitaka kusoma makala kama hiyo, atagonga mlango wa malipo, kwa Kiingereza. OMS na wachapishaji wakubwa walifungua mlango mwingine Januari 2002, mpango wa HINARI, unaoruhusu nchi maskini kusoma majarida ya tiba bure. Ufunguo wake unapewa taasisi, si mtu mmoja mmoja, na vituo vya vijijini haviwi kwenye orodha isipokuwa kuna mtu ameandika jina lao.

Halafu kuna lugha. Nyangwe na Kasongo ndipo Kiswahili cha wafanyabiashara wa pwani kilipotia mizizi katika Congo, karne ya 19, na kutoka hapo kikaenea. Leo muuguzi anasoma kwa Kifaransa na anamweleza mama kwa Kiswahili, na tafsiri anaifanya mwenyewe, papo hapo, amechoka. Shirika la Hesperian la Marekani, lilelile lenye kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari, lina programu ya bure juu ya mimba na kuzaa salama ambayo ipo kwa Kiswahili. Ni Kiswahili cha Tanzania, maneno mengine yatamchekesha mkunga wetu, lakini anaweza kumwonyesha mama picha na wakasoma pamoja.

Hilo la kusoma pamoja si dogo. Mama anayemwona munganga akishika simu mbele ya mtoto anayeungua kwa homa atafikiri anajibu ujumbe wa rafiki. Inatosha kumwambia, mama, ninaangalia kipimo cha dawa ya mtoto, na kumgeuzia kioo aone. Picha ya mgonjwa kupelekwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu 200 ili kuomba ushauri ni jambo jingine. Hapo ruhusa inaombwa kwanza, na uso unafichwa.

Nani atahakikisha kwamba vitabu vya ndani ya simu ni vya mwaka huu? Hakuna haja ya mradi mpya wa mamilioni ya dola. Wakuu wa vituo vya afya wanakutana kila mwezi kwenye ofisi ya zoni, wakileta ripoti zao. Ofisi ya zoni ikiwa na kompyuta moja yenye miongozo ya PNLP, programu ya MSF na orodha ya dawa za taifa, zote zikiwa zimepakuliwa upya wiki hiyo, kila muuguzi anaweza kunakili katika dakika kumi wakati ripoti yake inakaguliwa. Waya mmoja na kadi ya kumbukumbu vinatosha. Siku ya mkutano simu zote ziko mezani, zinachajiwa.