NDOA NA URITHI WA KITI KATIKA JUMBA LA TUDOR: KISA CHA MARGARET DOUGLAS

Asomaye historia ya Uingereza ya karne ya 16 hukutana kwanza na wake sita wa Mfalme Henry VIII, na pengine hudhani kuwa siasa ya ndoa iliishia hapo. Sivyo. Binti wa ukoo mkubwa aliyemtumikia malkia jumbani aliwekwa pale na jamaa zake kwa kusudi: apate mume mwenye cheo, awaombee ndugu zake vyeo na ardhi, aunganishe mali za koo mbili. Mahari, kinyume cha desturi za Waafrika wengi, ilitolewa na upande wa mke. Mume naye aliahidi ardhi ya kumtunza mkewe akibaki mjane.

Kwa mwanamke mwenye damu ya kifalme jambo lilizidi uzito, kwa kuwa mtoto wake angeweza kudai kiti. Margaret Douglas alizaliwa mwaka 1515. Mama yake alikuwa dada mkubwa wa Henry VIII, mjane wa mfalme wa Uskoti. Hivyo Margaret alikuwa mpwa wa mfalme. Mwaka 1536 ilijulikana kuwa amechumbiana kwa siri na Thomas Howard, mjomba wa Anne Boleyn, malkia aliyekatwa kichwa mwezi Mei mwaka huohuo. Wakati huo binti wote wawili wa mfalme, Mary na Elizabeth, walikuwa wametangazwa kuwa si wa ndoa halali, na Margaret akawa karibu mno na kiti. Wachumba walitiwa katika Mnara wa London, uliokuwa ngome na gereza pia. Bunge likatunga sheria: kumwoa jamaa wa karibu wa mfalme pasipo ruhusa yake ni uhaini. Ajabu ni kwamba Howard alihukumiwa kufa kwa sheria iliyotungwa baada ya tendo lenyewe. Hakunyongwa, alifia kifungoni mwaka 1537.

Daftari la mashairi liitwalo la Devonshire, lililohifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, lina mwandiko wa Margaret, pamoja na mashairi yanayohusishwa na kifungo hicho. Mtafiti wa fasihi atalithamini, maana sauti za wanawake wa jumba lile ni adimu kusikika.

Mwaka 1544 mfalme mwenyewe alimwoza Margaret kwa Matthew Stewart, bwana wa Lennox, Mskoti aliyemhitaji katika siasa yake ya kuitiisha Uskoti. Ndoa iliyokuwa kosa bila ruhusa ikawa sasa chombo cha dola. Lakini Margaret alikuwa amejifunza mchezo. Alimlea mwanawe, Henry Darnley, kwa nia ya kumwoza kwa Mary, malkia wa Uskoti, ambaye yeye alikuwa shangazi yake. Elizabeth I, aliyetawala Uingereza tangu 1558, aliona hatari: madai mawili ya kiti chake yangekutana katika nyumba moja. Margaret alirudishwa Mnarani mwaka 1565, hata kabla ya arusi kufungwa. Aliachiliwa mwaka 1567, Darnley akiwa tayari ameuawa.

Hakukoma. Mwaka 1574 mwanawe mdogo, Charles, alimwoa Elizabeth Cavendish kwa haraka pasipo idhini ya malkia. Mama wa bibi arusi, Bess wa Hardwick, alikuwa mshirika katika mpango huo. Margaret akafungwa tena.

Alifariki mwaka 1578, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Maandishi ya kaburi lake yanahesabu jamaa zake waliokuwa wafalme na malkia. Elizabeth alipofariki mwaka 1603 bila mtoto, aliyerithi kiti cha Uingereza alikuwa James, mwana wa Darnley na Mary.