Bei ya Ndoo Imepangwa na Nani?

Asubuhi ya mwezi wa sita huku Ufipa, mkoani Rukwa, ni baridi kweli. Mtoto wa darasa la nne katika kijiji cha jirani na Laela hutoka amejifunika kitenge cha mama yake, ndoo mkononi, akawahi foleni bombani. Ana sarafu ya maji. Bei ya ndoo anaijua vizuri kuliko maana ya rangi za bendera. Asichokijua ni nani aliyepanga bei hiyo, sarafu yake inakwenda wapi ikishaingia kwenye kopo la msimamizi, na bomba likikauka nani wa kuulizwa.

Kumweleza hayo ni kumfundisha uraia, na kazi hiyo ni ya mzazi kabla haijawa ya mwalimu. Shule haijalala. Kizazi cha Ujamaa kilisoma Siasa, ukaja Uraia, ukaja Uraia na Maadili, na mtaala ulioanza kutumika 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Huko mtoto atajua kwamba Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na kwamba Muungano ulizaliwa 26 Aprili 1964. Lazima ayajue. Lakini kitabu kinachosomwa nchi nzima hakiwezi kumwambia habari za bomba la kwao.

Basi tuanzie hapo bombani. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na uendeshaji wa kila siku uko mikononi mwa chombo cha watumia maji cha hapo hapo. Chombo hicho kina viongozi na kinakusanya fedha za kuendesha pampu, kununua vipuri na kumlipa fundi. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kukariri majina ya taasisi. Anahitaji maswali matatu ambayo atayatumia popote: Kitu hiki ni cha nani? Nani anakiamulia? Anaulizwa wapi? Mama anaweza kuyauliza njiani wakirudi na ndoo zao, na asipolijua jibu aseme, "Hilo hata mimi silijui, mwanangu. Tutamuuliza mwenyekiti." Sentensi hiyo peke yake ni somo.

Baada ya mavuno somo linahamia kwenye gunia. Rukwa ni mkoa wa mahindi, na Laela iko kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma, kwa hiyo watoto wetu wanakua wakiona magunia yakishonwa na kupakiwa. Wameiona lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, kisha likaongezwa kichwa juu na kushonewa kamba kukizunguka. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mpe mtoto daftari la hesabu. Tuseme lumbesa moja ina kilo 120 na mnunuzi anailipa kama gunia la kilo 100. Kwa magunia matano, baba ametoa kilo ngapi bure? Atapiga 20 mara 5, apate 100, kisha atanyamaza kidogo. Ni gunia zima. Tangu dakika hiyo sheria ya vipimo si maneno ya ofisini tena. Ni jasho la wazazi wake, na madaftari na sare zake mwenyewe. Mwonyeshe mizani, mwambie kuna Wakala wa Vipimo ambao kazi yake ni kuhakikisha mizani haidanganyi.

Gunia hilo hilo lina somo jingine kwenye geti la ushuru. Bajeti ya 2017/18 ilimwondolea ushuru anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia tisa ya kilo 100 yakienda Tunduma, je, yamefika tani? Na yakizidi, fedha inayolipwa ni ya kazi gani? Hapo usimfundishe mtoto kwamba ushuru ni wizi. Mwambie ushuru ni mchango wa mkulima katika zahanati na madarasa, ndiyo maana anayeulipa hudai stakabadhi. Mpe stakabadhi hiyo aisome kwa sauti: jina, kiasi, tarehe, sahihi.

Jambo linalowachanganya hata watu wazima ni ofisi ya kijiji. Mtoto anaona watu wawili wenye mihuri na kuwaita wote "serikali". Njia nyepesi ya kuwatofautisha ni kuuliza kila mmoja aliingiaje na anaweza kutolewa na nani. Mwenyekiti aliingia kwa kura za wanakijiji, kama zile za 27 Novemba 2024, na baada ya miaka mitano lazima arudi kwao. Mtendaji ameajiriwa, na mwajiri wake ni halmashauri ya wilaya. Juu ya mwenyekiti na Halmashauri ya Kijiji, ambayo kwa sheria ya 1982 ina wajumbe 15 hadi 25, upo mkutano mkuu wa kijiji wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Mtoto hana kura pale, lakini macho anayo. Mchukue akae pembeni kwenye nyasi, asikie mapato na matumizi yakisomwa, ahesabu mikono iliyonyooshwa. Kwa familia nyingi za Kikatoliki hapa, hata jumuiya ndogondogo inayosali nyumbani kwao ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Taarifa ya mhazini mtoto ameisikia mara nyingi bila mtu kumwambia kwamba anajifunza.

Najua kikwazo kilipo. Tumelelewa kwamba mtoto anayemhoji mkubwa hana adabu. Heshima hiyo naipenda na sitaki ipotee. Ila adabu iko katika namna ya kuuliza: "Shikamoo mzee, naomba kuuliza, bomba litatengenezwa lini?" Mtoto aliyefundishwa kusema hivyo hajamvunjia mtu heshima, na mzee anayemjibu vizuri amekuwa mwalimu wake. Anayemfukuza naye amemfundisha kitu, na hicho kitakaa kichwani mwa mtoto miaka mingi.

Kazi ngumu zaidi iko ndani ya nyumba. Baba anayedai hesabu za kijiji hadharani anaweza kuuza mahindi ambayo mkewe na watoto wamelima, wamepalilia na wamepukuchua, asiseme ameuza kwa bei gani. Watoto wanaona. Jioni moja baada ya mauzo, wote wakiwa jikoni karibu na moto, achukue karatasi asome: tumevuna magunia haya, tumeuza haya, haya ni ya chakula, mbolea ya msimu ujao itatugharimu hivi, ada ya kaka yenu wa chuo hivi. Kisha amgeukie binti wa darasa la nne, amwambie ajumlishe na aseme kama zinatosha.